Mawe ya Upare yana umri gani, na nani huishi kwa kuyapima?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni binti wa Same, nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM. Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kwamba miamba ya Milima ya Upare ina zaidi ya miaka milioni 600. Nilipomwuliza wamejuaje, alisema wanasayansi wamepima. Naomba kujua wanapima nini hasa. Halafu natamani kusoma jiolojia niwe mtafiti wa mambo hayo, lakini baba anasema jiolojia ni ya watafuta dhahabu, na hakuna anayelipwa mshahara kwa kujua umri wa jiwe. Je, kazi hiyo ipo kweli? Na mtu huifikiaje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kazi ipo, na nimeifanya miaka mingi. Ila nianze kwa kukurekebishia kitu kimoja, maana kila kitakachofuata kinategemea hicho. Jiwe la Upare halina umri mmoja. Lina kadhaa, na kila umri ni wa tukio lake: siku madini yake yalipoumbika, siku yalipopikwa upya chini ya milima, siku yalipopoa, siku yalipofika karibu na uso wa dunia. Ninaposema siku nina maana ya mamilioni ya miaka. Mtu wa fani yetu, jiokronolojia, yaani elimu ya kupima umri wa miamba, hulipwa kwa kujua namba aliyoipata ni ya tukio lipi. Kupata namba yenyewe mashine inaweza.

Tuanze na kinachopimwa. Chukua jiwe la kawaida la milima ya kwenu, lile lenye mistari myeupe na myeusi na vidonge vyekundu vya ganeti. Ni mwamba geu uliopata joto kali na mgandamizo mkubwa, na wataalamu huliita granulaiti. Tunabeba kilo kadhaa za jiwe bichi, lisiloozeshwa na mvua. Maabara tunalivunja kwa mashine, tunalisaga hadi liwe kama mchanga, tunalichekecha, kisha tunalipitisha kwenye meza inayotikisika huku maji yakipita juu yake. Punje nyepesi huchukuliwa na maji, nzito hubaki. Sumaku huondoa zenye chuma. Zinazobaki hutumbukizwa katika kimiminika kizito kiasi kwamba mchanga wa kawaida huelea, na kinachozama ndicho tunachokitafuta.

Kinachozama humo ni pamoja na zirkoni, madini tutakayoyapima. Punje yake mara nyingi haizidi sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Mwanafunzi huinama kwenye hadubini akiwa na sindano, akizichagua punje moja moja na kuzipanga kwa mstari. Mgongo huuma na macho huchoka, lakini ni kazi ninayoipenda, kwa sababu hapo ndipo unapoanza kuyajua madini yako. Unaona punje yenye pembe kali, iliyozaliwa ndani ya mwamba wa moto na haijasumbuliwa sana. Unaona nyingine ya mviringo, inayometa pande nyingi, ambayo mara nyingi imekua wakati mwamba unapikwa. Mtu anayepeleka punje zake zipimwe bila kuzitazama hivi hupata namba nzuri asiyoweza kuielezea.

Zirkoni ina tabia moja ya bahati kwetu. Inapoumbika hukaribisha urani ndani ya fuwele yake, lakini hukataa karibu kabisa metali ya risasi. Urani haidumu. Polepole, kwa kasi isiyobadilishwa na joto wala mgandamizo, hugeuka kuwa risasi. Kwa hiyo risasi unayoikuta ndani ya zirkoni leo karibu yote imezaliwa humo humo. Ukijua urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unajua muda uliopita.

Kwa kuwa umesoma PCM nikupe hesabu yenyewe. Urani ina isotopu mbili zinazotufaa, yaani aina mbili za atomi zake zenye uzito tofauti. Urani-238 hupungua nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47 na kuishia kuwa risasi-206. Urani-235 hupungua nusu kila baada ya miaka milioni 704 na kuishia kuwa risasi-207. Sasa chukua zirkoni iliyokua miaka milioni 645 iliyopita. Kwa kila atomi 1,000 za urani-238 zilizobaki utakuta atomi 105 hivi za risasi-206. Kwa kila atomi 1,000 za urani-235 zilizobaki utakuta 887 hivi za risasi-207. Hizo ni hesabu mbili zinazokwenda kwa kasi tofauti ndani ya punje moja. Zikitoa umri uleule, unaamini. Zikitofautiana, unajua punje ilipoteza risasi njiani au imechanganya vipindi viwili, na unaanza kufikiri. Fomula unayo tayari, ni ile ya logi asilia uliyofanyia mazoezi kidato cha sita. Ikokotoe mwenyewe kabla hujaniamini.

Wengi huniuliza kwa nini hatutumii kaboni-14, ile wanayoisikia kwa wanaakiolojia. Nusu-uhai wake ni miaka 5,730 tu. Baada ya miaka 50,000 hivi inakuwa imebaki kidogo mno isipimike. Kwa mbao na mifupa inafaa, kwa Upare haifai hata kidogo.

Sasa nikuonyeshe umri zaidi ya mmoja katika jiwe moja. Ukipanda basi la Same kwenda Dar es Salaam unavuka daraja la Mto Wami kabla ya kufika Chalinze. Miamba ya eneo la mto huo ni ndugu wa ile ya kwenu. Mwaka 1985 Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa maabara ya isotopu ya Amsterdam, walichapisha vipimo vyake. Zirkoni ziliwapa karibu miaka milioni 715. Bayotaiti, yale madini meusi yanayobanduka kama karatasi, yakipimwa kwa njia ya rubidi inayogeuka kuwa stronti, yaliwapa karibu milioni 475. Tofauti ni miaka milioni 240, mwamba uleule!

Hawakukosea popote. Kila madini yana joto lake ambalo chini yake hufunga mlango na kuanza kutunza kumbukumbu. Usiku wa baridi kule milimani kwenu, samli huganda mapema huku mafuta ya alizeti yakiwa bado maji. Madini nayo yako hivyo. Zirkoni haiachii risasi yake hata kwenye nyuzi 900. Bayotaiti hufunga ikishuka hadi nyuzi 300 hivi. Kwa hiyo ile namba ya kwanza inahusu kupikwa, na ya pili inahusu kupoa. Ukiweka madini kadhaa ya mwamba mmoja kwenye grafu ya joto dhidi ya muda, unaona mwamba ukipanda kutoka kilindini. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Andreas Möller walifanya hivyo kwa granulaiti za Tanzania, wakitumia madini mengine matatu: monaziti, titanaiti na rutili. Walikuta miamba ilipikwa miaka milioni 640 hivi iliyopita, kisha ikapoa kwa nyuzi 2 hadi 5 tu kila miaka milioni moja. Huo ni upoaji wa polepole sana. Unakwambia miamba haikutupwa juu kwa kishindo, ilikaa chini ya gamba nene kwa muda mrefu mno.

Upare wenyewe ulipimwa. Sospeter Muhongo, ambaye Watanzania wengi wanamjua kama waziri wa zamani wa nishati na madini, alikuwa kwanza profesa wa jiolojia Dar es Salaam. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Lenoir walichapisha umri wa zirkoni za granulaiti za ukanda huu wa miamba unaopita Tanzania, na zile za Upare zilikuwa karibu miaka milioni 645. Ile namba ya mwalimu wako imetoka kwenye kazi za aina hii. Na sasa unaweza kumwambia ni umri wa nini: ni wa kupikwa.

Kwamba zirkoni za Wami zilitoa namba kubwa kuliko hiyo, wataalamu wamelijadili sana. Punje moja ya zirkoni huweza kuwa na kiini cha kale na gamba jipya lililoota juu yake, na njia za miaka ya 1980 ziliyeyusha punje nyingi pamoja. Mimi niko upande wa wanaosema namba za juu za ukanda huu zinabeba mchanganyiko wa vipindi viwili. Siku hizi tunakata punje katikati, tunaipiga picha kwenye hadubini ya elektroni ili kiini na gamba vionekane, ndipo tunaelekeza leza au mwale wa ioni mahali pamoja tu. Anayetaka kulimaliza suala hilo arudi Wami na vifaa vya leo.

Na ni nini kilichoipika miamba hii? Mabara mawili yaligongana. Bahari iliyokuwa kati yake ilifungwa, gamba la dunia likakunjwa na kurundikana, na miamba ambayo sasa unaikanyaga ukienda shambani ikasukumwa zaidi ya kilomita 30 chini, kwenye joto la nyuzi 800 hivi. Mgongano huo ulikuwa sehemu ya kuundwa kwa bara kuu la Gondwana. Mabaki ya milima ile yanaenea kutoka Msumbiji, yanapita Tanzania na Kenya hadi kaskazini zaidi. Tunayaita Ukanda wa Msumbiji. Upande wa magharibi ukanda unakutana na kiini kigumu cha nchi, kuanzia Dodoma kwenda Ziwa Victoria, ambacho miamba yake mingi ina miaka bilioni 2.6 hadi 2.8.

Lakini usiseme Milima ya Upare ina miaka milioni 645! Miamba ndiyo yenye umri huo. Milima ile ya mgongano ilishalika na kuisha. Umbo unaloliona leo, ule ukuta unaoshuka ghafla kwenda bonde la Pangani, ni kazi ya mipasuko ya baadaye sana, ndugu wa Bonde la Ufa. Kuipima hiyo kunahitaji madini mengine, hasa apataiti, ambayo hutunza mikwaruzo midogo ya atomi za urani zilizopasuka pale tu mwamba uliposhuka chini ya nyuzi 110 hivi, yaani ukiwa kilomita chache tu chini ya uso wa ardhi.

Jina la Ukanda wa Msumbiji linanipeleka kwa mwanajiolojia Arthur Holmes, na kisa chake kinajibu nusu ya pili ya swali lako vizuri kuliko ushauri wangu. Alizaliwa Uingereza mwaka 1890, akasoma fizikia London, kisha akavutwa na jiolojia. Mwaka 1911, akiwa bado kijana, alipima urani na risasi katika mwamba wa Norway na kupata miaka milioni 370. Wakati huo hakuna aliyejua isotopu ni nini, mwanakemia Soddy alikuja kulieleza hilo mwaka 1913. Ruzuku yake ya masomo haikutosha kuishi. Basi mwaka huohuo akakubali kibarua cha kutafuta madini kaskazini mwa Msumbiji, kwenye pwani ya Memba. Madini ya maana hawakuyapata. Malaria ilimshika vibaya hadi habari ikapelekwa kwao kwamba amefariki. Alipona, akarudi London na sampuli zake, zirkoni zikiwemo. Mmoja wa wenzake katika safari ile, E. J. Wayland, ndiye aliyekuja kuanzisha idara ya upimaji wa jiolojia ya Uganda.

Holmes hakuwa na njia iliyonyooka. Baadaye alikwenda Burma kufanya kazi kwenye kampuni ya mafuta, kampuni ikafilisika, na akampoteza mwanawe mdogo huko. Alirudi Uingereza bila kazi ya jiolojia. Mwaka 1924 ndipo Chuo Kikuu cha Durham kilipomchukua kuanzisha idara ya jiolojia. Hapo, mwishoni mwa miaka ya 1920, alitoa hoja kwamba joto la madini yanayooza kama urani huufanya mwamba wa chini ya gamba la dunia utiririke polepole sana, na kwamba mtiririko huo unaweza kubeba mabara. Ilichapishwa mwaka 1931, na wengi hawakuitilia maanani kwa zaidi ya miaka 30. Baadaye, akiwa profesa Edinburgh, alirudi kwenye miamba ya Afrika kwa kutumia umri uliopimwa, akatambua ukanda mzima na kuupa jina la nchi aliyoponea. Angalia mambo mawili yaliyoungana ndani ya mtu mmoja: kupima umri, na kueleza jinsi gamba la dunia linavyokwenda. Hadi leo fani hizo mbili haziachani. Anayepima bila kuuliza dunia ilikuwa inafanya nini hukusanya namba tu.

Sasa kuhusu baba. Mwambie kwa heshima kwamba yuko sahihi nusu. Wahitimu wengi wa jiolojia nchini huajiriwa na migodi na kampuni za utafutaji, na hakuna aibu katika hilo. Wengine huenda GST, taasisi ya jiolojia pale Dodoma inayochora ramani za jiolojia za nchi, au Tume ya Madini, STAMICO (shirika la madini la taifa), TPDC (shirika la mafuta la taifa), na miradi ya jotoardhi. Hata humo umri wa miamba unahitajika. Dhahabu ya Geita imo katika miamba ya kale ya kiini cha nchi, tanzanaiti ya Mererani imo katika miamba iliyopikwa ya Ukanda wa Msumbiji, na mtu asiyejua yuko upande upi wa mpaka hupoteza fedha za mwajiri wake. Lakini kazi ya kupima umri kama utafiti, hiyo hukaa vyuo vikuu. Mshahara wake ni wa mhadhiri. Si utajiri, wala si njaa.

Njia yake ni ndefu, na sitaki ikushtue ukiwa katikati. Shahada ya kwanza, iwe Dar es Salaam, Dodoma au kwingine, kisha uzamili, kisha uzamivu. Kwa kawaida ni zaidi ya miaka 10 hadi ukae sawasawa. Vipimo vyenyewe utavifanyia nje kwa sehemu kubwa. Maboko niliyemtaja alifanya kazi na maabara za Uholanzi, akapima miamba ya Musgrave katikati ya Australia pamoja na watu wa chuo kikuu cha Canberra, na baadaye akafanya isotopu za miamba ya Tanzania pamoja na Wajapani. Siku hizi Afrika Kusini ina maabara nzuri na ni karibu zaidi. Ugumu haupo kwenye mashine peke yake. Upo kwenye usafi wa maabara, maana risasi imejaa hewani na vumbini, na chembe moja ya nje inaweza kuiharibu sampuli. Upo pia kwenye umeme usiokatika, na fundi anayelipwa vizuri akabaki.

Chuoni watakuvuta kwenye kompyuta mapema. Nenda, ila usiache ramani. Mwanafunzi aliyejifunza kutembea na dira na nyundo, kuchora mpaka wa miamba miwili na kuandika daftarini mwamba upi umekata upi, ndiye anayejua wapi pa kuchukua sampuli. Mshipa wa mwamba unaokata mwingine ni mdogo kwa umri kuliko ule unaokatwa. Hilo hulioni maabara, unaliona kwenye korongo jua likiwa kali. Nimesoma makala zenye vipimo safi kabisa kutoka kwenye jiwe lililookotwa kando ya barabara, na hakuna anayejua lilitoka wapi. Fedha imepotea. Chukua pia kemia kwa uzito, na takwimu, kwa sababu namba isiyo na kiwango cha makosa yake haina thamani kwetu.

Kuna jambo jingine ambalo ningetaka ulijue kabla hujakutana nalo. Kwa miaka mingi mawe ya Afrika Mashariki yamesafiri kwenda Ulaya na Marekani, na aliyewaongoza wageni hadi kwenye mwamba akaishia kushukuriwa kwa sentensi moja mwishoni mwa makala, au asitajwe kabisa. Hilo linaniudhi, na nawaambia wanafunzi wangu wote waziwazi. Ukialikwa kwenye utafiti, kabla ya kuvunja jiwe la kwanza uliza nani ataandika nini, nani ataketi kwenye mashine, na nusu ya kila sampuli itabaki wapi. Kibali cha kusafirisha sampuli kiwe na jina la chuo chako. Usiridhike kutumiwa jedwali la namba kwa barua pepe. Omba uende ukapime mwenyewe, hata kwa wiki chache, kwani hapo ndipo utafiti hujifunzwa. Wenyeji waungwana hukubali. Wasiokubali, waache watafute mtu mwingine wa kuwabebea mawe.